PHP, Java au .NET: ipi ina kazi ukiwa Arusha au Moshi?

"Kaka, nisome Java au .NET?" Swali hili wanauliza vijana wa Chuo cha Uhasibu kule Njiro, wanauliza wa Chuo cha Ufundi Arusha, na Moshi wapo hata waliosomea ushirika ambao sasa wamegeukia mifumo. Ukilipeleka mtandaoni utarudishiwa orodha ya lugha kumi zinazopendwa duniani mwaka huu. Orodha yenyewe inaweza kuwa sahihi kabisa, ila haijui kwamba mteja wako wa kwanza huenda akawa kampuni ya utalii yenye magari matatu na ofisi ya chumba kimoja Sakina. Wala haijui kwamba benki yenye tawi zuri mjini Moshi haiajiri mtengeneza programu hapo tawini.

Nitalinganisha majukwaa matatu ya kuandikia programu: PHP, Java na .NET ya Microsoft. JavaScript, lugha ya kivinjari, nitaigusa tu, kwa sababu lolote utakalochagua kati ya hayo litakudai JavaScript pembeni. Python naiacha. Kazi zake huku kwetu nyingi zimekaa upande wa utafiti na uchambuzi wa data, na huo ni mjadala wa siku nyingine.

Msimamo wangu niuseme mapema. Soko la ajira halihami jukwaa kwa sababu lugha mpya ni tamu kuandika. Linafuata gharama ya seva, masharti ya leseni, na mfumo ambao tayari upo ofisini ukidai matunzo. Panda shuka za haya majukwaa matatu kwa miaka ishirini hivi karibu zote zinaelezeka kwa mambo hayo.

Matangazo ya kazi yanaficha nini

Wengi hupima soko kwa kuhesabu matangazo. Kwa Arusha kipimo hicho kinapotosha. Tangazo rasmi linatoka kwenye taasisi yenye idara ya rasilimali watu: benki, kampuni ya simu, shirika la kimataifa, serikali. Huko ndiko Java na .NET zinakoishi. Kampuni ya utalii, shule binafsi, duka la dawa au lodji ya Karatu haitoi tangazo. Bosi anauliza kwenye grupu la WhatsApp nani anamjua mtu wa tovuti, jina linatajwa, na kazi inaanza wiki hiyo hiyo kwa malipo ya nusu ya kwanza. Mara nyingi kazi hiyo ni PHP.

Kwa hiyo ukihesabu matangazo, PHP inaonekana inasuasua. Ukihesabu watu wanaokula kwa kuandika programu hapa mjini, kwa ninavyoona mimi, picha inageuka.

Matangazo ya serikali nayo yana tabia yake. Nafasi ya Afisa TEHAMA Daraja la II ikitoka kwenye Ajira Portal, sifa huwa ni shahada na uwezo wa lugha za programu zilizopangwa mstari mmoja: Java, PHP, Python, C#, na kadhalika. Mstari huo haukuambii taasisi inatumia nini. Unakuambia tu usaili wa mchujo utakuwa mpana.

PHP: inazikwa kila mwaka, haifi

PHP ilitolewa na Rasmus Lerdorf mwaka 1995. Mwaka 2003 ikaja WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti ulioandikwa kwa PHP, na leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaendeshwa nayo. Kwa Arusha huhitaji takwimu. Fungua tovuti ya kampuni yoyote ya safari, bonyeza kulia, tazama chanzo cha ukurasa, kisha tafuta maandishi "wp-content". Fanya hivyo kwa kampuni kumi zilizo jirani yako utaelewa ninachosema.

Sababu ni bei. Kampuni ndogo hulipia nafasi kwenye seva ya pamoja, ile ambayo tovuti nyingi za watu tofauti hukaa kwenye mashine moja, na hulipa mara moja kwa mwaka pamoja na jina la tovuti. Unaingia cPanel, ukurasa wa kusimamia seva, unapandisha faili lililobanwa, unalifungua, unatengeneza kanzidata ya MySQL, unaandika jina lake na nywila ndani ya faili moja la mipangilio, na tovuti iko hewani kabla chai haijapoa. Vifurushi hivyo kwa kawaida havina nafasi ya kuendesha programu ya Java. Programu tupu ya Spring Boot, kiunzi cha kuandikia mifumo ya Java, kabla hata hujaiandikia cha maana, hula mamia ya megabaiti ya kumbukumbu, kwa hiyo inataka seva yake yenyewe inayolipiwa kila mwezi kwa dola. Mwambie hivyo mwenye kampuni ambaye mwezi wa nne hana mgeni hata mmoja.

Na hapo kwenye mwezi wa nne pana jambo ambalo wageni wa soko hili hawalijui. Mtu wa tovuti Arusha ana msimu ulio kinyume na wa dereva wa watalii. Juni hadi Oktoba magari yako Serengeti na bosi hana muda hata wa kupokea simu yako. Masika yakianza, magari yameegeshwa, ndipo anapoona picha za zamani, bei za mwaka juzi na fomu ya maulizo isiyofikisha ujumbe. Anataka kila kitu kiwe tayari kabla ya maonyesho ya Karibu-Kilifair ya mwezi wa sita. Ukitegemea WordPress peke yake, jipange kifedha kwa mtindo huo.

Kazi yenyewe ina undani kuliko inavyodhaniwa. Mgeni wa Ujerumani anafungua ukurasa wa Machame siku saba kwa simu, na picha ya Kibo yenye MB 6 inamkimbiza. Fomu inajazwa na roboti mia kwa siku. Malipo ya awali yanataka kuunganishwa na Pesapal au huduma kama hiyo, na pesa ikiingia lazima barua pepe ya uthibitisho itoke. Anayeweza mambo hayo hakosi wateja. Anayeweza kubadilisha rangi na nembo tu ana tatizo, kwa sababu tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022, pamoja na huduma za kujitengenezea tovuti kwa kuburuta vipande, mpwa wa bosi aliye kidato cha sita anamaliza kazi hiyo wikiendi moja. Soko la chini la PHP linaliwa kutokea huko, na sioni likirudi.

Juu yake ndipo ilipo Laravel, fremuweki (kiunzi) ya PHP iliyoanzishwa na Taylor Otwell mwaka 2011. Mifumo ya ada za shule, stoo za dawa, mikopo ya SACCOS na nafasi za vyumba vya lodji hapa kanda ya kaskazini inaandikwa sana kwa Laravel, kwa sababu ile ile ya seva nafuu. PHP 7 ya mwaka 2015 iliongeza kasi ya lugha kwa kiwango kilichowanyamazisha wengi waliokuwa wanaikejeli, na PHP 8 ya 2020 ikaleta ukali zaidi kwenye aina za data. Malipo yake bado ni madogo kuliko ya Java, na ushindani ni mkali, maana kizuizi cha kuingia ni laptopu ya RAM GB 4 na faili la XAMPP, kifurushi cha kuendeshea PHP kwenye kompyuta yako, lisilofika MB 200.

Java: kazi zipo, ila zinakaa Dar na Dodoma

Java nayo ilitoka 1995, kutoka Sun Microsystems, na Oracle ikainunua Sun mwaka 2010. Ni jukwaa la benki, kampuni za simu na mifumo mikubwa ya umma. Ukiwa Arusha au Moshi, tatizo lako si uhaba wa kazi za Java nchini. Matawi hayaandiki programu, makao makuu ndiyo yanayoandika. Anayesoma Java kwa nia ya ajira anapaswa kuwa tayari kufungasha mabegi.

Sekta ya afya inapunguza makali ya sheria hiyo. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na Wizara ya Afya yetu, umeandikwa kwa Java upande wa ndani. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ni Java pia. Moshi ni mji wa hospitali na tafiti za afya, na mtu anayeweza kuingia ndani ya mifumo hiyo, badala ya kujaza fomu zake tu, si wa kuokota barabarani. Aplikesheni zinazokaa juu ya DHIS2 huandikwa kwa JavaScript, kwa hiyo hata mlango huo una kufuli mbili.

Leseni iliwahi kuitikisa Java. Januari 2019 Oracle iliacha kutoa bure masasisho ya Java 8 kwa matumizi ya biashara, na Januari 2023 ikaanza kutoza kwa kuhesabu wafanyakazi wote wa kampuni, hata wasiogusa kompyuta. Ungetarajia makampuni yaikimbie Java. Kilichotokea ni kwamba mengi yalihamia OpenJDK, Java ile ile lakini huria, kupitia matoleo kama Eclipse Temurin na Amazon Corretto. Waliihama Oracle, lugha wakabaki nayo. Mifumo ya mamilioni ya mistari haiandikwi upya kwa hasira ya ankara moja.

Kinachowaponza vijana wetu ni pengo kati ya Java ya darasani na Java ya kazini. Darasani mtu anachora vitufe kwenye NetBeans, programu ya kuandikia Java, na kujibu maswali ya urithi wa madaraja (classes). Tangazo linataka Spring Boot, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka 2014, pamoja na kanzidata ya PostgreSQL au Oracle, Git ya kutunza historia ya msimbo, Docker ya kufungasha programu na uwezo wa kuunganisha mifumo miwili ili izungumze. Tazama pia namba ya toleo. Spring Boot 3 ya Novemba 2022 inadai angalau Java 17. Tangazo linalotaja Java 8 ya mwaka 2014 linakuambia unakwenda kutunza mfumo wa zamani. Si kazi mbaya, na wakati mwingine inalipa vizuri kwa kuwa hakuna anayeitaka, ila ujue kabla hujaripoti.

Na kama ulikuwa unasoma Java kwa ajili ya simu za Android, sababu hiyo imeisha nguvu. Google iliikubali rasmi lugha ya Kotlin mwaka 2017, na tangu 2019 inaipa kipaumbele.

.NET: ilipotea mtaani, ikarudi kwa mlango mwingine

Ingia duka la vifaa vya ujenzi la zamani, au SACCOS iliyoanza kutumia kompyuta mapema, uangalie skrini ya mhudumu. Usishangae kukuta dirisha la kijivu, vitufe vya mraba, orodha ya wanachama inayofunguka kwa kubonyeza F5, na nyuma yake kuna Visual Basic na Access au SQL Server. Microsoft iliacha kuhudumia zana za Visual Basic 6 mwaka 2008. Mfumo bado unauza saruji.

.NET yenyewe ilitoka 2002, na kwa zaidi ya miaka kumi ilifungwa na Windows. Aliyetaka kuweka mfumo wa .NET hewani alihitaji seva ya Windows yenye leseni, na kanzidata ikikua alihitaji leseni ya SQL Server, kwa maana toleo la bure lilikuwa na kikomo cha GB 10 kwa miaka mingi. Hapo ndipo mtaani ilipopigwa na PHP, na si kwa ubora wa lugha: C#, lugha kuu ya .NET, kwa maoni yangu ni lugha nadhifu kuliko PHP na haichoshi kama Java ya zamani.

Juni 2016 ikatoka .NET Core inayokimbia kwenye Linux, na tangu .NET 5 ya 2020 toleo jipya hutoka kila Novemba. Hoja ya leseni ya Windows ikafa. Lakini soko la mtaani halikurudi, kwa kuwa mifumo ilishaandikwa kwa PHP na mafundi wake ndio waliopo. Bei ilishuka, ila kumbukumbu ya bei ya zamani ingali inaamua.

Kwa hiyo mahitaji ya .NET Arusha huyaoni kwa jina lake. Mji huu una makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, una Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na una mashirika yasiyo ya kiserikali mengi ambayo barua pepe, mafaili na ripoti zao ziko kwa Microsoft. Matangazo ya aina hiyo ya ofisi hutaja Power BI, SharePoint na SQL Server, na C# haitajwi popote. Anayeijua .NET ndiye anayeingia kama afisa wa TEHAMA au wa data kisha akawa mtu wa kuunganisha yale ambayo zana za kuburuta na kudondosha zimeshindwa.

Upande wa pili ni kazi za mbali. Kampuni nyingi za Ulaya zina mifumo ya .NET ya miaka mingi, na saa zetu ziko mbele ya Ulaya ya Kati kwa saa moja au mbili tu, kwa hiyo kikao cha asubuhi chao hakikukeshi. Hapo lakini unashindana na Poland na India, na mtu asiye na kazi ya kuonyesha hapenyi. Umeme na intaneti ya uhakika navyo viingize kwenye hesabu.

Kuna tahadhari mbili. Ya kwanza, Microsoft ina desturi ya kuanzisha zana na kuzitelekeza: Silverlight ya kwenye vivinjari ilifungwa Oktoba 2021, Xamarin ya programu za simu ikaishia Mei 2024. C# haijaguswa, lakini aliyejitambulisha kwa jina la zana alibaki na wasifu wa kufuta. Ya pili, tangazo likisema "ASP.NET", yaani upande wa .NET wa tovuti, bila toleo, uliza siku ya usaili. Kama ni Web Forms, njia ya zamani ya kujenga kurasa kwa kuburuta vitufe, kwenye .NET Framework, ile .NET ya zamani ya Windows, ujue 4.8 ya mwaka 2019 ndiyo iliyokuwa toleo kubwa la mwisho la ukoo huo, na Web Forms haikuvushwa kwenda .NET mpya. Kazi yako itakuwa ama kulinda ama kuhamisha.

Kujifunza kwake pia kuna gharama ya bando. Visual Studio kamili hupakuliwa kwa GB kadhaa. Kwa bahati nzuri VS Code na vifaa vya .NET vinatosha kuanzia, na ni vyepesi zaidi.

JavaScript, kwa ufupi

Haikwepeki. Seva yako iwe PHP, Java au .NET, kivinjari kinaelewa JavaScript, na matangazo yanataka React au kitu cha aina yake. Usijifunge na jina la fremuweki: waliojenga jina kwa fremuweki ya AngularJS ya 2010 waliona huduma yake ikikoma mwishoni mwa 2021. Soma lugha yenyewe, kisha TypeScript, ambayo ni JavaScript iliyoongezewa aina za data. Aliyeibuni TypeScript, Anders Hejlsberg, ndiye aliyebuni C#, kwa hiyo anayetoka .NET hujikuta nyumbani haraka.

Nani achukue ipi

Kama una stashahada, kodi ya chumba inakusubiri na huna mpango wa kuhama Arusha, chukua PHP, na WordPress isikuchukue zaidi ya miezi ya mwanzo. Ingia Laravel mapema, jifunze malipo ya simu na namba za kumbukumbu za malipo, na uandike kwenye mkataba nani atalipia jina la tovuti mwakani. Ugomvi mwingi na wateja huanzia hapo.

Kama una shahada na familia haikuzuii kwenda Dodoma au Dar es Salaam, Java ndiyo yenye ngazi ndefu zaidi nchini. Mshahara unaanza juu kidogo na unapanda kwa utulivu. Kwa aliye Moshi na anayependa afya, Java pamoja na DHIS2 ni mchanganyiko ninaoupenda kuliko wote kwenye ulinganisho huu, kwa sababu unaweza kupata kazi nzito bila kuhama mlima.

.NET nisingempa mtu anayeanza kutoka sifuri bila mwajiri. Ningempa aliye tayari ndani ya ofisi inayotumia Microsoft, au anayelenga kazi za mbali na ana subira ya kujenga kazi za kuonyesha kwa mwaka mzima. Pia ningempa fundi anayeona biashara kwenye yale madirisha ya kijivu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na SACCOS ambayo wahudumu wote wanaingia kwa nywila moja ina sababu nzito ya kubadilisha mfumo kuliko iliyokuwa nayo zamani. Anayeisoma kanzidata ile ya zamani ndiye atakayeihamisha, hata kama mfumo mpya utaandikwa kwa Laravel.

Ukihofia kwamba ukichagua moja umejifungia, angalia kinachohama na kisichohama. Uhusiano wa jedwali na jedwali, SQL, Git, namna ya kulinda nywila na namna ya kupokea jibu la malipo lililochelewa, vyote unaondoka navyo. Eloquent ya Laravel, Hibernate ya Java na Entity Framework ya .NET zinafanya kazi moja kwa majina tofauti: kuunganisha msimbo na jedwali za kanzidata. Anayetoka PHP kwenda Java hukwama zaidi kwenye mazoea ya kutangaza aina ya kila kitu na kwenye zana za kujengea mradi kama Maven, na akishapita hapo mwendo unakuwa wa kawaida. Kutoka Java kwenda C# ni rahisi zaidi, maana sura za lugha hizo mbili zinakaribiana. Safari ngumu ni ya aliyezoea kuburuta vitufe kwenye Web Forms kwa miaka mingi. Huyo aanze na upande wa JavaScript na namna kivinjari kinavyozungumza na seva, maana ndicho kitu ambacho Web Forms ilimficha, halafu ndipo aguse .NET mpya.